Mstari wa Zambarau Kwenye Maji ya Karurumo

Niliondoka Kitale kwa sababu ya ukuta. Ukuta wenyewe uko katika chumba ambamo kaka yangu Simiyu husafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi, muda wa saa nne kila mara. Mbele ya kiti chake palikuwa na bango moja tu, la kufundisha watu kunawa mikono kwa hatua saba. Simiyu alikuwa amelitazama bango hilo mwaka mmoja na nusu. Alisema hakuna binadamu Trans Nzoia yote anayenawa mikono kumshinda, na kwamba akifa tumwandikie hivyo kaburini.

Figo zake zilipogoma, daktari alimpimia hata maji ya kunywa: vikombe vichache kwa siku, na chai ndani ya hesabu hiyo hiyo. Siku moja nilipowahi kumchukua, mashine ikiwa bado inazunguka, aliniita nisogee. "Wekesa," akasema, "niletee maji. Si ya kunywa, ya kutazama. Mengi, yale ambayo hakuna mtu atanihesabia."

Alijua maji gani anataka. Ujana wake alifundisha Karurumo, upande wa Runyenjes kule Embu, na chini ya shamba la mama aliyempangisha chumba kuna mto unaoruka mwamba. Alikuwa akioga pale kila asubuhi. Na kwa kuwa alikuwa akioga bila miwani, na bila miwani hatofautishi ng'ombe na choo, katika kumbukumbu yake maji yale hayana matone. Ni kama shuka jeupe limeanikwa mwambani. Picha aliyotaka ni hiyo, ya shuka.

Muuguzi mkuu hakukataa. Alisema bango litatolewa, ukuta utapakwa rangi Ijumaa ya wiki iliyofuata, na kama picha itakuwa tayari kabla ya Jumatatu baada yake itatundikwa. Isipokuwa tayari, kulikuwa na bango jipya tayari limeletwa, la kufunika mdomo unapokohoa.

Mimi kazi yangu ni picha za pasipoti. Miaka ishirini nimewaambia watu wainue kidevu na wasitabasamu. Lakini nilijua kanuni ya maji ya shuka: unaiacha kamera wazi dakika mbili au tatu, maji yanapita na kupita juu ya picha mpaka matone yanafutika. Mchana ukifanya hivyo bila kinga picha inaungua, inakuwa nyeupe kama karatasi, kwa hiyo unaweka mbele ya lenzi filta, kioo cheusi kama cha miwani ya mchomeleaji wa vyuma. Nilikuwa nacho kimoja, cha mraba, kinachochomekwa kwenye fremu yake mbele ya lenzi. Nilikinunua kwa mtu, sikuwahi kukitumia. Nilimwambia Simiyu kazi hiyo ni ya asubuhi moja.

Jumatatu jioni nilifika Karurumo, baada ya kulala njiani Nairobi. Mama Wanjira, mwenye nyumba wa zamani wa kaka yangu, alikuwa ananingoja barabarani kwenye maduka. Ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye koti la mwanamume na buti za mpira. Alinitazama kutoka juu mpaka chini akaamua.

"Wewe si mzuri kama mwalimu," alisema. "Lakini miguu ni yake. Kuja tukule."

Tulikula mukimo wa viazi na mahindi vilivyopondwa, uliojaa malenge, naye aliniuliza habari za mwalimu moja baada ya nyingine bila kunipa nafasi ya kutafuna. Nilimweleza habari za mashine na vikombe. Akasema kaka yangu alikuwa akinywa uji wake wote asubuhi na kuongezwa, na hakuna aliyewahi kumpimia. Alisema mvua ikianza huko juu mlimani mto unageuka rangi ya chai ya maziwa, na yeye magoti yake yalikuwa yanamwambia zilikuwa zimebaki siku tatu, nne. Nilimwuliza kama magoti huwa hayakosei. Akajibu hayajawahi kukosea isipokuwa mwaka alioolewa.

Asubuhi ya Jumanne tuliteremka mtoni kati ya migomba na kahawa. Kuhusu mahali pale Simiyu hakuwa amedanganya. Maji yanakuja polepole chini ya miti, yanafika ukingoni kama mtu aliyesahau kitu, halafu yanaanguka kwa upana wote wa mwamba. Jua lilikuwa mgongoni mwangu, likinipasha kisogo, nami nikadhani hiyo ni bahati. Nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikalenga, nikachomeka kioo, nikafyatua, nikasogea kando kama ninavyojua wataalamu husogea, mikono kiunoni.

Dakika tatu zilipokwisha tulitazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Maji yalikuwa shuka kweli. Lakini kutoka juu kushoto mpaka katikati ya picha kulikuwa na mstari mpana wa rangi ya zambarau, umekatiza maji kama mkanda wa askofu.

Mama Wanjira aliinama akatazama sana. "Hii maji yako imepigwa ngumi," alisema.

Nilirudia. Mstari ulikuwa pale pale. Nilifuta kioo kwa shati, nikafuta lenzi, nikarudia. Nilisubiri wingu, nikarudia, na mstari ukafifia kidogo. Jua liliporudi nao ukarudi na marafiki zake wawili. Kufikia saa tano nilikuwa na picha kumi na moja za maji yaliyopigwa ngumi.

Mchana huo jirani mmoja, shemasi wa kanisa lao, alikuja kunisalimia akaonyeshwa picha. Alivua kofia. Alisema mahali pale ndipo wanapobatiza, na mstari ule unashukia hasa jiwe analosimama mchungaji. Aliniuliza kwa adabu kama kanisa linaweza kupata nakala kubwa, ya kutundika nyuma ya madhabahu. Nilihisi jambo ambalo sijalihisi tangu nianze kazi ya pasipoti: mtu alikuwa anaipenda picha yangu. Ningeweza kunyamaza. Kusema kweli nilinyamaza kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Kisha nikamwambia hapana, kamera inavuja mahali, mwanga unaingia usikoalikwa. Shemasi alifikiri, akasema hata hiyo inaweza kuwa maelezo ya Roho Mtakatifu, lakini akavaa kofia yake.

Alasiri nilijaribu tena. Jua sasa lilikuwa limehamia ubavuni kwangu, na zambarau ikawa imepungua sana. Nikaanza kumshukuru Mungu mapema. Picha ilipotoka ilikuwa na ugonjwa mpya: michirizi ya weupe ikielea juu ya maji, na ndani ya mchirizi mmoja, ukitazama vizuri, herufi na namba zilizogeuka kinyume. Yalikuwa maandishi ya lenzi yangu mwenyewe, yanaogelea mtoni.

Nilikaa juu ya jiwe la mchungaji na kuhesabu. Wapakaji rangi walikuwa wanaingia Ijumaa. Nilifikiria kumpigia Simiyu na kumwambia naleta picha ya kawaida, ya matone, kwani maji si maji. Mama Wanjira, ambaye alikuwa anakata nyasi za ng'ombe karibu, alinisikia nikijisemea.

"Usimpigie," alisema. "Nenda Githongo, upande wa Meru, kwa mkwe wangu Mutwiri. Anaongea mpaka kuku wanatoka kwa nyumba, lakini mikono anayo. Zamani alikuwa anatengeneza makamera Meru mjini, kabla simu ziwamalize."

Jumatano mapema nilipanda gari la Chuka, nikaunganisha mpaka Nkubu, nikapanda juu hadi Githongo. Kule kahawa imejaa kila upande wa barabara. Karakana ya Mutwiri iko nyuma ya soko, chumba cha mabati kilichojaa redio, pampu za kunyunyizia dawa ya kahawa, na mashine moja ya kumenya kahawa iliyofunguliwa matumbo. Mutwiri ni mrefu, miwani yake imefungwa kwa waya. Alinisalimia "Muga," nikajibu "Muga" kama nilivyofundishwa garini, na tangu hapo hakunyamaza.

Alinieleza habari za mama mkwe wake, kwamba ni mwanamke wa maana sana ukiwa mbali naye. Alinieleza habari za bei ya mbolea. Yote hayo huku anaizungusha kamera yangu mkononi kama mtu anayechagua parachichi. Kisha aliniuliza nimeshuku nini mpaka sasa. Nilisema nimeshuku filta ni mbovu, lenzi ina ufa, na jua la Embu lina matatizo.

"Jua haina shida," alisema. "Wewe unashuku mbele tu. Weka kifuniko ya lenzi."

Niliweka kifuniko cha lenzi, kile cha plastiki cha kufungia kabisa. Alitoka nje na kamera akaiweka juu ya meza ya waya ya kuanikia kahawa, mgongo wake ukiwa umeelekea jua, akaniambia nifyatue dakika tatu. Nilimwambia tutapata giza tupu, maana lenzi imefungwa. Akasema ndiyo, tukipata giza atanipa mashine ya kahawa bure.

Hatukupata giza. Kwenye picha iliyopigwa na kamera iliyofungwa macho kulikuwa na mstari wa zambarau, mzuri, mpana, ule ule wa askofu.

Mutwiri alibandika kidole chake cheusi kwa grisi kwenye kitundu cha kuchungulia, pale nyuma ambapo mpiga picha huweka jicho. Alieleza taratibu, na kwa mara ya kwanza hakuchanganya na habari nyingine. Kitundu hicho ni dirisha. Nuru ikiingia humo inapenya ndani kidogo kidogo, kiasi ambacho picha ya haraka haikioni. Ukiiacha kamera wazi dakika tatu, hicho kidogo kinajikusanya.

"Na hizi picha zako za pasipoti," aliniuliza, "unapiga aje?"

Nilimwonyesha: jicho kwenye kitundu, shavu limeegemea kamera.

"Basi ni hiyo. Miaka yote kichwa yako ndiyo ilikuwa kifuniko. Juzi ukatoa kichwa, ukaenda kusimama kando kama bwana harusi."

Alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakitengeneza kiwe kama kofia ya kitundu kile, akakibana. Tulirudia jaribio juani. Safari hii picha ilikuwa nyeusi kama chungu, na nilifurahi kuiona kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga.

Ile michirizi ya weupe na herufi ilichukua muda mfupi zaidi na iliniaibisha zaidi. Mutwiri aliomba aone nilivyochomeka kioo. Kioo changu kina sifongo jeusi upande mmoja, limezunguka mraba mzima, ambalo kwa miaka miwili niliamini ni la kukikinga kisikwaruzwe. Nilikuwa nimekichomeka sifongo likitazama nje, mtoni, na kwenye nafasi ya mbele kabisa ya fremu. Alikitoa, akakigeuza, akakichomeka nafasi ya ndani kabisa, sifongo likabana lenzi. Sifongo hilo kazi yake ni kuziba pengo kati ya kioo na lenzi. Nuru ya ubavuni ilikuwa inaingia kwenye pengo hilo, inapiga sehemu ya mbele ya lenzi yenye maandishi, inarudi kwenye kioo na kuniandikia barua.

Mutwiri hakucheka. Alitoka nje, akasimama nyuma ya mabati kwa muda, akarudi macho yake yana maji.

Alisema sifongo lenyewe limechakaa kona moja, na kwamba kama nataka kulala vizuri nifunike kamera yote na fremu kwa kitambaa cheusi kizito, nikiacha uso wa kioo tu. Alinielekeza Meru mjini, kwa maduka ya nguo ya Waislamu, ambako weusi ni weusi kweli.

Saa nane nilikuwa dukani Meru. Mwenye duka, bibi mmoja mtulivu aliyejifunga mtandio wa kijani, aliniuliza kitambaa ni cha buibui, na bi mkubwa ana urefu gani. Nilisema si cha mke, ni cha kamera. Aliniuliza kama kamera inatoka nje bila kujifunika. Nikasema ndiyo, na ndiyo sababu imeniaibisha. Alileta majora matatu, na kila moja nililiinua dhidi ya balbu ya dukani kuona kama nuru inapenya. La tatu halikupenyeza kitu. Alikata mita mbili, akaniambia mita moja ingetosha lakini wanaume hawajui kujifunika.

Nilirudi Karurumo jioni ile ile, na nikiwa njiani niliona mlima umejifunika wingu zito mpaka kiunoni. Mama Wanjira alikuwa amekaa mlangoni anasugua magoti.

Alhamisi kulipokucha tulikuwa mtoni tayari. Maji yalikuwa bado safi, lakini mpigo wake ulikuwa umeongezeka, na ya pembeni yalikuwa yameanza kubeba majani na vijiti kutoka juu. Mama alitazama akasema tuna saa moja, labda na kitu. Nililenga kwanza bila kioo, maana ukishakiweka huoni chochote. Nilifunga kitundu kwa kofia ya Mutwiri. Nilichomeka kioo ndani kabisa, sifongo ndani. Nilizungushia buibui. Upepo ukaja, ukainua buibui kama bendera.

"Lete," alisema Mama Wanjira. Alisogea, akakumbatia kamera na miguu yake mitatu kwa mikono yote miwili, kitambaa kikiwa kimebanwa kifuani na kidevuni, bila kuiegemea wala kuisukuma. Nilimwonya kwamba ni dakika tatu bila kusonga. Akasema amewahi kusimama saa mbili kwenye mahubiri ya shemasi.

Nilifyatua. Alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa Kiembu, chini chini, apate kupima muda. Beti mbili za kwanza nilitazama maji. Ubeti wa tatu nilimtazama yeye. Buti ziko kwenye tope, koti la marehemu mumewe limelowa kwa rasharasha za mto, mashavu yamegandana na kitambaa. Nilijua kwamba hafanyi hivi kwa ajili yangu, hata kidogo.

Picha ya kwanza ilitoka imetikisika, kwa sababu alikohoa. Aliiomba kamera msamaha kwa Kiembu. Ya pili ilikuwa safi upande wote, isipokuwa tawi lililopita likaacha alama. Ya tatu tulifungua pamoja, vichwa viwili juu ya kioo kidogo, nami nilikagua kona moja moja kama mtu anayetafuta chawa. Hakuna zambarau. Hakuna mchirizi. Hakuna herufi. Shuka tu, limeanikwa mwambani, na jiwe la kubatizia chini yake, jeusi na lililolowa.

Mama Wanjira aligusa kioo kwa ncha ya kidole. "Mwambie mwalimu," alisema, "mto haijahama."

Tulikuwa tunapanda kilima kwa miguu mvua ilipotufikia. Nilipogeuka kwenye migomba kutazama mara ya mwisho, mto ulikuwa chai ya maziwa.

Kurudi hakukuwa na visa. Ijumaa nilichapisha picha Nairobi, kubwa kama mlango uliolazwa, nikasafiri nayo imeviringishwa, nimeikumbatia kuliko abiria wote walivyokumbatia watoto wao. Jumapili muuguzi mkuu na mimi tuliitundika kwenye ukuta unaonuka rangi. Alirudi nyuma hatua tatu, akauliza jambo ambalo lilikuwa linanikereketa tangu Nairobi: je, si ukatili kuwawekea maji watu waliokatazwa maji? Nilisema tungoje Jumatatu.

Jumatatu Simiyu aliunganishwa kwenye mashine, akaegemea, akatazama mbele. Mama mmoja wa kiti cha jirani alitangulia kutoa maoni, kwamba ni kazi nzuri ila inafanana na uji uliomwagika.

Nilimwuliza Simiyu kama inamtia kiu.

"Maji ya kwenye kalenda ya duka la dawa yananitia kiu," alisema. "Yale yenye matone. Haya hapana. Haya yamepumzika."

Baada ya hapo akalala. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuwahi kulala kwenye kiti kile. Muuguzi alipita mara mbili kuhakikisha ni usingizi wa kawaida.

Nilichojifunza Embu na Meru ni cha kifundi, na ndugu zangu wapiga picha wa Kitale wanaweza kukitumia bila kunilipa chai: kamera ikikaa wazi muda mrefu, ziba nyuma kabla ya kulaumu mbele, sifongo litazame lenzi, na kama una shaka funga macho ya kamera upige picha juani, itakuambia yenyewe inavuja wapi. Cha pili si cha kifundi. Mwaka mzima na nusu nilikuwa nikimfikisha Simiyu langoni, namwambia nitarudi baada ya saa nne, nakimbilia studio kuwaambia watu wasitabasamu. Nilidhani kusaidia ni kufyatua na kusogea kando. Siku hizi natoka naye nyumbani, naingia naye, nakaa kwenye benchi karibu na mashine mpaka inapozimwa. Analalamika kwamba naongea sana na simwachi atazame mto wake.